CHAKULA CHA SUFURIA MOJA

1. Mji wa mpakani

Tunduma ni mji ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu hupita Morogoro, Iringa, Mbeya na Vwawa, na akifika Tunduma nchi ya Tanzania imekwisha. Hatua chache mbele yake ni Nakonde, mji wa Zambia. Wanyamwanga wakaa pande zote mbili za mpaka, na lugha yao ni moja. Reli ya TAZARA nayo yapita hapo. Reli hiyo ilijengwa kwa msaada wa China, kazi ikaanza mwaka 1970. Yaanzia Dar es Salaam na kuishia Kapiri Mposhi, mwendo wa kilomita 1,860. Mwaka 2016 wilaya za upande huo zilitengwa na Mkoa wa Mbeya, zikawa Mkoa wa Songwe, na makao makuu yakawekwa Vwawa.

Kwa sababu ya njia hizo, Tunduma ni mji wa watu wengi na mizigo mingi. Magari makubwa hutoka bandarini yakichukua mafuta, mbolea, nguo na vyakula vya nchi za mbali. Mengine hurudi kutoka Zambia na Kongo yakichukua shaba. Vijiji vya Mbozi, Momba na Ileje navyo huleta mahindi, maharage, mchele, nyanya na vitunguu. Basi katika soko moja mtu aweza kuona debe la maharage ya Mbozi, na kando yake pakiti za tambi zilizotoka mbali.

Mji wa namna hiyo haulali mapema. Wazazi wengi hurudi nyumbani giza limekwisha kuingia, na mara nyingi chakula cha jioni huwa mikononi mwa watoto. Jiko ni moja la mkaa, sufuria ni moja, na mkaa wanunuliwa kwa fedha. Kwa hiyo yafaa mtoto ajue kupika chakula kizuri kwa moto mmoja na chombo kimoja, bila kupoteza kitu, na bila kuleta hatari nyumbani.

2. Makande na tambi

Kupika chakula chote katika chombo kimoja si jambo jipya. Mahindi na maharage yakipikwa pamoja huwa makande, na hapana mzee wa Songwe asiyeyajua. Watu wa pwani hupika pilau. Mchele, nyama, vitunguu na viungo vyote huingia katika sufuria moja, na kila kimoja humpa mwenzake ladha yake.

Tambi hutengenezwa kwa unga wa ngano. Unga hukandwa kwa maji, ukasukumwa katika matundu madogo, ukatoka kama nyuzi. Kisha nyuzi hizo hukaushwa mpaka zikawa ngumu. Tambi nzuri hutumia ngano ya namna ya pekee, ngumu kuliko ile ya mikate, nayo haivunjikivunjiki katika maji ya moto. Mwenye kuzitazama hukumbuka mara moja tambi za taa.

Watu wengine husimulia ya kuwa tambi zililetwa Italia na msafiri Marco Polo, aliporudi kutoka China mwaka 1295. Habari hiyo si kweli. Mwaka 1154, zaidi ya miaka mia moja kabla yake, mwanachuoni Mwarabu al-Idrisi alimaliza kitabu chake cha jiografia, na humo alieleza habari za Trabia, mahali katika kisiwa cha Sicily, ambako watu walitengeneza tambi nyingi na kuzipakia merikebuni kupelekwa nchi nyingine. Chakula kikavu hakiozi upesi, kwa hiyo chafaa safari. Baadaye tambi zilienea pande nyingi za dunia. Wasomali walizoea kuzila katika siku za utawala wa Waitalia, wakaziita baasto. Waswahili wa pwani nao hupenda kuzipika kwa nazi, sukari na iliki, hasa katika mwezi wa Ramadhani na siku za Idi.

3. Mkaa wa jioni moja

Katika mtaa mmoja wa Tunduma walikaa baba na mama na watoto wao watatu. Baba alikuwa akipakua mizigo ya magari, na mama aliuza nyanya sokoni. Mtoto wa kwanza alikuwa msichana wa darasa la sita; wa pili mvulana wa darasa la nne; na wa tatu, mvulana mdogo, alikuwa na miaka mitatu. Mwezi wa Julai bibi yao, mama wa baba, alikuja kutoka kijijini Mbozi kuwatazama.

Asubuhi moja mama alimwita binti yake akamwambia, “Mwanangu, leo baba yako na mimi tutachelewa. Maharage niliyaloweka juzi usiku, na jana nimeyachemsha mpaka yakaiva. Pakiti ya tambi i kabatini, na nyanya ziko katika kikapu. Lakini angalia, mkaa uliobaki watosha jioni moja tu. Chakula kikiungua, hapana mwingine.”

Msichana akajibu, “Ndiyo, mama. Nitaangalia.”

Hata saa kumi na moja jioni, watoto walianza kazi. Msichana alinawa mikono kwa sabuni, akamwamuru mdogo wake anawe vilevile. Mvulana akasema, “Dada, mimi nitakaa hapa nitazame. Kupika ni kazi yenu wasichana.”

Bibi aliyekuwa ameketi barazani akamsikia, akacheka, akasema, “Mjukuu wangu, tumbo lako ni la kiume, na njaa yake ni ya kiume. Basi na kisu kiwe cha kiume. Haya, menya karoti.” Mvulana akaona haya, akachukua kisu.

Kisha bibi akaitazama pakiti, akauliza, “Hivi ndivyo mtakavyonilisha leo? Hiki si chakula cha kwetu. Cha kwetu ni makande.”

Msichana akasema kwa adabu, “Bibi, mwalimu alitufundisha kuwa mahindi na maharage nayo yalikuwa wageni. Asili yake ni Amerika, nayo hayakufika huku ila baada ya merikebu za Ulaya kuvuka bahari ile, tangu mwaka 1492. Wazee waliyapokea, wakayapanda, yakawa yetu.”

Bibi akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Basi mpikeni mgeni wenu. Lakini mkaribisheni pamoja na maharage, asikae peke yake.”

4. Kupima

Kabla ya kuwasha moto, msichana aliweka kila kitu mbele yake, maana mpishi atafutaye chumvi wakati moto unawaka huunguza chakula na kupoteza mkaa. Watu wa kula walikuwa sita. Vitu alivyoviweka ni hivi:

Tambi, gramu 500, yaani nusu kilo.
Maji, lita moja na nusu, yaani vikombe sita vya robo lita.
Maharage yaliyokwisha kuiva, vikombe viwili.
Nyanya mbivu tano.
Vitunguu viwili na karoti mbili.
Mchicha, fungu moja, uliooshwa na kukatwa.
Mafuta ya alizeti, vijiko vitatu vya mezani.
Chumvi, kijiko kimoja cha chai.

Mvulana alipoona maji yakipimwa kwa kikombe, akasema, “Dada, kwa nini huyamimini tu? Yakizidi tutayamwaga.”

Dada yake akamjibu, “Yakizidi, twamwaga na utamu wake. Yakipungua, chakula chaungua. Nusu kilo yataka lita moja na nusu. Je, robo kilo yataka maji kiasi gani?”

Mvulana akafikiri, akasema, “Robo tatu ya lita. Ni vikombe vitatu.”

“Vema. Basi hesabu yako imeingia jikoni.”

5. Kupika

Jiko liliwekwa nje, penye upepo kidogo, mbali na mlango, na mtoto mdogo akakaa mapajani mwa bibi yake. Msichana aliwasha mkaa, akangoja mpaka ukawaka vizuri. Akabandika sufuria, akatia mafuta, na yalipopata moto akatia vitunguu. Akavikoroga kwa mwiko mpaka vikawa laini na rangi yake ikaanza kugeuka. Kisha akatia karoti na nyanya zilizokatwa vipande vidogo, pamoja na chumvi. Akafunika muda wa dakika tano hivi, nyanya zikapondeka zikawa mchuzi.

Ndipo alipomimina maji, akafunika tena. Mvulana akashika tambi tayari kuzitumbukiza, lakini dada yake akamzuia, akasema, “Ngoja maji yachemke. Tambi zikikaa katika maji ya uvuguvugu, unga wake wa juu hulainika nazo hushikana, zikawa bonge moja.”

Maji yalipochemka kwa nguvu, alizivunja tambi katikati, akazitia zote, akazikandamiza kwa mwiko mpaka zikazama. Kwa muda wa dakika mbili za kwanza hakuacha kukoroga, maana huo ndio wakati zinapotaka kushikana. Baadaye akakoroga mara kwa mara, akigusa chini kabisa ya sufuria.

Mvulana alikuwa akipepea moto kwa kipande cha boksi, cheche zikiruka. Dada yake akamwambia, “Acha sasa. Maji yamekwisha kuchemka. Hayawezi kupata moto zaidi ya huo. Ukipepea waunguza mkaa bure, na mkaa wenyewe ni mchache.” Akaufunga nusu mlango wa jiko. Maji yakaendelea kuchemka taratibu.

Dakika sita zilipopita, alitia maharage. Dakika tatu baadaye akatia mchicha. Maji yaliyokuwa mengi yalikuwa yamepungua, na yaliyobaki yamekuwa mazito, yakizishika tambi pande zote. Akatoa uzi mmoja, akaupoza, akautafuna. Ulikuwa laini, lakini katikati ulikuwa na ugumu kidogo. Akajua kuwa umekaribia. Akangoja dakika mbili, kisha akashika sufuria kwa vitambaa viwili vikavu, akaiepua, akaifunika. Hakutumia kitambaa chenye maji, kwa kuwa maji hupitisha joto upesi, na mkono huungua.

Kazi yote, tangu vitunguu mpaka kuepua, ilichukua chini ya saa moja, na mkaa ulikuwa haujakwisha.

6. Sababu za mambo hayo

Mpishi mwema hajui tu jinsi ya kufanya. Ajua na sababu yake.

Kwanza, mbona mchuzi umekuwa mzito? Tambi zina wanga mwingi. Wanga ukipata maji na joto hunywa maji, huvimba, na sehemu yake hutoka katika tambi na kuingia majini. Watu wapikao tambi kwa maji mengi na kuyamwaga hutupa wanga huo. Katika sufuria moja haumwagwi. Wabaki ukiufanya mchuzi uwe mzito bila kutia unga.

Pili, katika maji yaliyomwagwa huenda pia chumvichumvi zenye faida na vitamini ziyeyukazo katika maji, kama zile za kundi B. Mwenye kupika kwa sufuria moja huvila pamoja na mchuzi. Lakini vitamini C huharibiwa upesi na joto, na kwa sababu hiyo mchicha hutiwa mwisho. Mafuta nayo yana kazi yake: hulisaidia tumbo kupokea vitamini A itokayo katika karoti na majani mabichi.

Tatu, mbona bibi alitaka maharage yatiwe? Mwili hujengwa kwa protini, na protini ina sehemu nyingi, kama ukuta ulivyo na matofali ya namna nyingi. Ngano na mahindi vina upungufu wa sehemu moja iitwayo laisini. Maharage yana laisini nyingi. Vikiliwa pamoja, kimoja hujaza upungufu wa mwenziwe. Wazee waliopika makande hawakujua neno laisini, lakini walijua kuwa mtoto alaye mahindi na maharage hukua vizuri kuliko yule alaye mahindi matupu. Jambo hilo si dogo. Uchunguzi wa afya wa taifa uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 10 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, watatu wana udumavu, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Na mtoto aweza kushiba, lakini akakosa chakula cha kujenga mwili.

Nne, mbona vyakula vya Tunduma hukawia kuiva kuliko vya pwani? Pwani, kama Tanga au Dar es Salaam, maji huchemka yakifikia joto la digrii 100. Mtu apandapo mlimani, hewa huwa nyepesi na kugandamiza maji kidogo zaidi, na maji huchemka mapema. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, hupungua digrii moja. Tunduma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Basi maji yake huchemka kabla ya kufika digrii 97. Kwa sababu hiyo, maharage yapikwayo Mbozi au Tunduma hutaka muda mrefu kuliko ya Dar es Salaam, hata moto ukiwa mkali namna gani.

7. Maharage yasiyoiva

Hapa yapasa kusema neno la hatari. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ndani yake. Sumu hiyo huharibika kwa moto mkali tu. Mtu akila maharage yasiyoiva, hata machache, aweza kutapika na kuharisha baada ya saa chache. Tena maharage yaliyopashwa moto hafifu kwa muda mrefu, yasichemke, yaweza kuwa na nguvu ya sumu kuliko mabichi.

Kwa hiyo mama wa watoto wale alifanya vema. Aliyaloweka maharage usiku kucha. Asubuhi aliyamwaga maji ya kulowekea, akatia mengine, akayachemsha kwa moto wa nguvu nusu saa nzima, kisha akayaacha yaendelee mpaka yakawa laini. Mtoto asidhani kwamba maharage mabichi yaweza kutiwa pamoja na tambi yakaiva kwa dakika kumi. Tambi zitakuwa uji, na maharage yatakuwa mawe yenye sumu.

8. Adui asiyeonekana

Jua lilipokwisha kutua, baridi ya Julai ilishuka. Upepo ulivuma, na mtoto mdogo akaanza kutetemeka. Katika jiko makaa yalikuwa bado mekundu, mazuri kutazama, wala hayakutoa moshi.

Mvulana akasema, “Dada, tuliingize jiko chumbani, tufunge mlango, tuote moto mpaka baba na mama waje.”

Bibi naye akasema, “Ndiyo, mjukuu wangu, liingize. Mtoto ataugua. Sisi tulilala kando ya moto tangu utoto wetu, na tumezeeka.”

Msichana akakaa kimya. Kumkatalia bibi si jambo jepesi kwa mtoto aliyelelewa vizuri. Lakini alikumbuka somo la shuleni, akamtazama mdogo wake, akapiga magoti mbele ya bibi yake akasema, “Bibi, nisamehe nikisema. Nyumba yenu ya zamani ilikuwa ya nyasi, si ndiyo?”

“Ndiyo. Baba yangu aliiezeka mwenyewe.”

“Na moshi ulitoka wapi?”

“Ulitoka juu, katika nyasi, na chini ya mapaa.”

“Chumba chetu ni cha saruji na bati, bibi, na dirisha tumeliziba kwa nailoni kwa sababu ya upepo. Hewa ya mkaa haina pa kutokea. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu huivuta asijue, kichwa kikamuuma, akasinzia, asiamke tena.”

Bibi akayatazama makaa, kisha akautazama mlango. Akasema polepole, “Mwaka jana, nyumba ya jirani yetu kijijini, walikutwa asubuhi. Tulisema ni uchawi.” Akamkumbatia mtoto mdogo. “Liache nje.”

Alivyosema msichana ndivyo ilivyo. Mkaa uwakao mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Katika damu ya mtu mna chembe nyekundu zichukuazo oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Sumu hii huzishika chembe hizo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na nafasi ya oksijeni ikakosekana. Mtu huona kichwa kikimuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, kisha hulala. Moshi humwonya mtu kwa kumwasha macho, lakini makaa mekundu yasiyo na moshi hayamwonyi. Na si uchawi. Mtu akionekana na dalili hizo, atolewe nje mara moja penye hewa safi, milango na madirisha yafunguliwe, naye apelekwe hospitali upesi. Aingiaye kumwokoa asikawie ndani, asije naye akaanguka.

Watoto wakafanya hivi. Walibandika birika juu ya makaa yaliyobaki, wakapata maji ya moto ya wazazi kuogea. Birika lilipoepuliwa, waliyatia makaa kwa koleo katika debe kuukuu lenye kifuniko, wakaliacha nje juu ya mawe. Moto ukikosa hewa huzimika, na vipande vilivyobaki hufaa siku ya pili. Kisha wakaingia ndani, wakajifunika mablanketi mawili wote pamoja na bibi yao katikati, wakapata joto.

9. Mezani

Saa mbili usiku wazazi walifika, wamechoka. Sufuria ilikuwa imefungwa katika kanga na blanketi kuukuu, ndani ya kikapu, nayo ilikuwa bado na joto. Mama akafunua, akaona tambi, maharage mekundu, mchicha na karoti, kila kitu mahali pake, wala chini hapakuungua. Baba akala sahani moja, akaongeza ya pili.

Bibi akasema, “Mgeni huyu ana adabu. Nikirudi Mbozi nitachukua pakiti moja.” Kisha akamweleza mwanawe habari ya jiko na chumba, wala hakuficha kwamba yeye mwenyewe alitaka liingizwe. Baba akaacha kula. Akamtazama binti yake kwa kitambo, akasema, “Mwanangu, leo umetulisha mara mbili.” Siku ya pili alinunua nailoni nyingine, lakini alipoliziba dirisha aliacha nafasi juu ya hewa kupita.

10. Mambo ya kukumbuka

Tambi zikikosekana, njia ni ile ile kwa mchele au makaroni. Maji na muda tu ndivyo hubadilika. Maharage yakikosekana, dagaa, njegere au karanga zilizosagwa hufaa, ila karanga zenye ukungu zitupwe, maana ukungu una sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mchicha ukikosekana, majani ya maboga au matembele huchukua mahali pake. Chakula kilichobaki kisilale mezani katika joto. Kipozwe upesi, kifunikwe, na kabla ya kuliwa tena kipashwe moto mpaka kichemke. Na sufuria iloweshwe maji mara baada ya kupakua, kwani wanga ukikauka huganda kama gundi.

Maswali

1. Mkoa wa Songwe ulitengwa na mkoa gani, na mwaka gani?
2. Ni jambo gani laonyesha kwamba Marco Polo siye aliyeleta tambi Italia?
3. Kwa nini tambi hazitiwi kabla ya maji kuchemka?
4. Maji yakikwisha kuchemka, kupepea moto zaidi kuna faida gani? Eleza.
5. Watu kumi na wawili wakila, yatakiwa tambi gramu ngapi na maji lita ngapi?
6. Mahali palipo mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwa joto la digrii ngapi hivi?
7. Kwa nini maharage na ngano vikiliwa pamoja ni bora kuliko kimoja peke yake?
8. Nyumba ya bibi ya zamani na chumba cha Tunduma vilitofautiana nini?
9. Baba alikuwa na maana gani aliposema, “Leo umetulisha mara mbili”?
10. Andika habari ya chakula cha sufuria moja kipikwacho nyumbani kwenu: vitu vyake, vipimo vyake, na sababu ya kila tendo.